Taa za Ukutani za Mama Winrose

Nekoye alipigwa kwa miaka ishirini na sita, na mumewe Simiyu alipokufa hakutoa hata chozi. Majirani wa Lugari wakasema mwanamke huyu ana moyo wa jiwe. Na waseme. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Nyumba aliyoachiwa ilijengwa na mzungu mmoja aliyelima ngano kabla ya uhuru: dari iko juu, sakafu ni ya mbao, mahali pa kuotea moto pamejengwa kwa mawe. Simiyu aliigawa sebule kwa ukuta wa matofali mabichi, na katika ukuta huo kulikuwa na shimo dogo, usawa wa sikio la Nekoye. Lilichimbwa na kichwa chake mwenyewe Krismasi moja, kwa sababu ya nyama iliyoungua. Mara tatu alilipiga lipu, na mara tatu lipu ikapasuka na kuanguka.

Ndipo akapanda gari hadi Kakamega mjini kutafuta taa za ukutani, mbili, za mtindo wa kale unaofaa nyumba ile. Dada wa dukani, Mitchel, alimtolea taa nyeupe bapa.

"Mama, hizi ndizo watu wananunuanga siku hizi."

"Hizo ni za hospitali. Nipe za zamani."

Akaletewa za shaba. Nekoye akawa anaiinua kila moja ukutani, anasimama kando yake, anaisogezea sikio. Mitchel alidhani mama anatazama urembo. Kumbe anapima kama kitako kitafunika shimo. Moja ilikuwa na ncha kali mbele, akairudisha haraka, maana aliona kichwa chake kikigongeshwa pale. Simiyu alikuwa na miaka miwili kaburini, lakini mwili hauambiwi habari hizo ukaamini. Mwishowe akachagua zenye mkono uliopinda na kikombe cha kioo chenye ukingo wa mawimbi, kitako chake kipana kuliko kiganja. Akafurahi mpaka akajishangaa.

Sasa, ukoo wa akina Simiyu una desturi yake. Mwanamume akifa, nyumba yake haipigiliwi msumari mpaka mwanamume wa ukoo apigilie wa kwanza. Na anayepigilia wa kwanza amerithi vyote: nyumba, shamba la ekari nane, na mjane aliyemo ndani. Nekoye hakuwa na mtoto wa kiume, ana binti mmoja tu, Winrose, aliyeolewa Mayoni. Na shemeji yake Lusweti, mwenye ngumi zile zile za kaka yake, alikuwa akiuzunguka ua ule miaka miwili mizima akitafuta sababu ya kuingia na nyundo.

Kwa hiyo Nekoye alimwita fundi wa stima kutoka Turbo, kijana wa Kikalenjin aitwaye Kiptoo, maana mkono wa mgeni haurithi. Kosa lake ni moja: hakumwambia kijana sababu. Aliona aibu.

Jumamosi asubuhi, Nekoye akiwa jikoni nje anachemsha chai, Lusweti aliingia sebuleni. Kiptoo alikuwa juu ya ngazi kwenye ukuta ule wa shimo, mikono yote miwili imeshika taa. Akamwona mtu mzima, akamheshimu.

"Mzee, nisaidie kidogo. Nipigie huo msumari hapo kwa alama."

Lusweti aliiokota nyundo kwa mikono miwili. Akapiga mara tatu, kisha akafungua dirisha na kumpigia kelele mkewe ng'ambo ya ua: "Nimepigilia! Ita Mzee Mukhwana!"

Nekoye aliiacha sufuria akakimbia ndani.

"Mama Winrose," Lusweti akasema akitabasamu, "sasa niwekee maji ya kuoga."

Nekoye alinyoosha mkono aung'oe msumari. Lusweti akampiga ngumi ya mdomo, kichwa chake kikagonga ukuta pale pale kilipozoea kugonga. Jino likatoka. Kiptoo aliteremka kuamua, akasukumwa yeye na ngazi yake wakaanguka pamoja. Kisha teke likampata Nekoye mbavuni, naye akatoka nje akitambaa. Lusweti alicheka, akidhani anakimbia.

Alirudi na nyundo kubwa ya kupasulia mawe. Pigo la kwanza lilipita karibu na shavu la Lusweti, tofali likalipuka vumbi. Lusweti akamshika nywele. Nekoye akaishusha nyundo juu ya mguu wake, mfupa ukasikika, na mwanamume yule akaanguka akilia kama ndama.

Kisha akaugeukia ukuta.

"Hili la Krismasi!" Tofali likaenda. "Hili la mimba yangu ya pili! Hili la mama yangu uliyemtukana hapa!" Alikuwa akimpiga Simiyu, na alikuwa anafurahi, tusifiche. Damu ya mdomoni ilimchirizika kifuani. Ukuta ulipepesuka, ukainama, ukaanguka wote upande wa pili kwa kishindo hadi kuku wakaruka uani.

Mzee Mukhwana, mkuu wa ukoo, alifika akamkuta Lusweti amepiga magoti, mguu umevimba, anafukua kifusi kwa kucha.

"Msumari uko hapa hapa, mzee. Ngoja kidogo."

"Umepigilia ukuta gani?" mzee akauliza.

Lusweti alinyanyua uso. Hakukuwa na ukuta wa kuonyesha.

Nekoye aliiweka chini nyundo kubwa, akamwomba Kiptoo ile ndogo pamoja na msumari mpya. Akaenda kwenye ukuta wa kando, mahali alipotaka taa ya pili ikae. Pigo la kwanza liliangukia kidole chake mwenyewe. La pili na la tatu yakaingia barabara.

"Mwanamke hapigilii!" Lusweti akapiga kelele kutoka kwenye kifusi.

"Mzee," Nekoye akasema, akitema damu pembeni kwa adabu, "sheria yenu inasema nani anarithi mjane?"

Mzee Mukhwana aliujaribu msumari kwa kidole, haukutikisika.

"Yule amepigilia wa kwanza," akajibu.

"Basi nimejirithi."