Shule Mbili kwa Macho ya Dalali wa Ng'ombe

Mji wetu huku Serengeti ni mdogo, lakini una shule mbili za msingi za serikali, kila upande wa barabara moja. Binti yangu alikuwa aanze la kwanza Januari, na mama yake akanituma nikazilinganishe. Kumtuma mtu aliyeishia la tano akakague shule ni kama kumtuma kibogoyo akachague mahindi ya kuchoma, ila mwenzangu alikuwa na palizi shambani.

"Baba watoto," akaniambia, "mtoto huyu lazima ajue kusoma. Asije akawa anashika kadi ya kliniki juu chini kama mtu fulani."

"Mtu gani huyo?"

"Wewe nenda tu."

Mimi ni dalali mnadani. Ng'ombe wa kuuzwa wanamlambisha chumvi, anakunywa maji mpaka tumbo linakuwa ngoma. Ukitaka kumjua, mfuate kwao asubuhi, kabla mwenyewe hajajiandaa. Kwa hiyo sikutoa taarifa.

Shule ya kwanza, jamani! Rangi mpya, mawe yamepakwa chokaa, maua yamepangwa mstari. Mwalimu mmoja akaniletea kiti kivulini, akanionyesha kabati lenye kufuli.

"Vitabu vyetu hivyo, mzee. Hakuna hata kimoja kilichochanika."

"Watoto wanavisoma saa ngapi?"

"Wakivishika si watavichafua?"

Watoto wenyewe walikuwa wanamwagilia maua. Nikaondoka nimeridhika kabisa. Nilishaona hapa ndipo, maana hata mimi ningependa shule ya maua.

Ya pili nilienda kutimiza wajibu tu. Ukuta umebanduka, kengele ni rimu ya gari. Nikachungulia dirisha la darasa la pili. Mwalimu wa kike akageuka.

"Baba, unatuzibia mwanga. Ingia ukae."

Nikakaa dawati la nyuma, magoti yamefika masikioni. Vitabu vyao vilikuwa vimechakaa, vimebandikwa gundi ya karatasi, watoto watatu watatu wamekiinamia kimoja. Ubaoni kulikuwa na sentensi nyingi. Kila mtoto alisoma moja kwa zamu, na mwalimu hakuruka mtu.

"Na mgeni wetu, ile ya mwisho."

Mimi nilifika la tano kwa kukisia. Unaangalia neno la mwanzo na la mwisho, katikati unajaza mwenyewe. Nikasimama kwa kujiamini: "Mbwa amemla bibi!"

Darasa likaangua kicheko. Kumbe mbwa alikuwa amekula samaki wa bibi. Kabinti kando yangu kakanivuta shati.

"Baba, usikimbie. Fuata kidole."

Kakasogeza kidole hewani, neno kwa neno, nami nikakifuata, jasho linatoka kama nabeba gunia. Nikamaliza. Wakanipigia makofi, na mwalimu akasema, "Umeona? Unaweza. Ulikuwa na haraka tu." Huko nyuma hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia hivyo, labda kwa sababu nilikuwa natoroka.

Nyumbani nikasimulia yote, hata yule bibi niliyemfanya aliwe na mbwa. Mama watoto alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo ile ya rangi walikupa kiti."

"Kivulini."

"Na hii wamekusomesha."

"Mstari mzima!"

Akafuta machozi, akafungua sanduku, akatoa cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

"Kesho mpeleke huko akaandikishwe. Na wewe usiwe na haraka ya kurudi."