Gome Nililomsifia Shangazi

Mimi hurudi mara tatu kuhakikisha nimefunga mlango. Lakini Jumatano ile jioni, tukila, shangazi aliponiuliza kazini kumekuwaje, sikujiuliza hata mara moja.

"Gome limeua saratani," nikamwambia.

Nilikuwa na miezi saba katika maabara ndogo upande wa Loresho, nikimsaidia mtafiti anayejaribu magome ya miti yetu juu ya seli za saratani ya mlango wa kizazi, ile inayoletwa na virusi. Seli hizo tunazikuza kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo, tunazidondoshea dawa ya gome, kisha tunatia rangi ya manjano. Seli zilizo hai huigeuza ikawa zambarau. Zilizokufa huiacha ilivyo. Siku hiyo sahani yangu ilibaki manjano tupu.

Shangazi, dada ya baba, aliyenipokea Waithaka nilipomaliza chuo, ana saratani hiyohiyo. Alikuwa katikati ya matibabu ya mionzi hospitalini, anarudi ametapika mpaka sauti imemkauka. Alitarajiwa tena Jumatatu.

"Mti gani?" akauliza. Nikamtajia.

"Huo? Si huo uko kwetu nyuma ya choo! Mama alikuwa anatuchemshia tukiwa na minyoo. Na mimi hapa nachomwa kama mahindi!" Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa wiki nyingi, nami nikaogopa kumkatiza.

Kufikia Ijumaa asubuhi gunia la magome lilikuwa limefika kwa basi kutoka kwetu Kakamega, na shangazi ametangaza kwamba Jumatatu haendi popote.

Nilifika kazini. Nikaitoa ile sahani na kuitazama upya, kishimo kwa kishimo, nikafika mstari wa mwisho. Vishimo vya mstari huo hatuvitii gome kabisa. Tunavitia spiriti peke yake, ile tunayoyeyushia gome, ili tujue yenyewe haidhuru kitu. Vilipaswa kuwa zambarau. Vilikuwa manjano kama vingine vyote. Nikafungua daftari, nikaona kwa mwandiko wangu mwenyewe kwamba sikuizimua ile spiriti kwa maji kama inavyotakiwa. Ndiyo iliyoua. Ingeua seli yoyote.

Nilimpelekea mtafiti daftari. Akasoma bila haraka.

"Umeona mwenyewe?"

"Ndiyo, Daktari."

"Basi usifute. Andika chini yake kilichotokea, halafu rudia." Akanitazama tena. "Mbona unalia? Sahani mbaya kila mtu amepata."

Nikamweleza kuhusu shangazi. Akavua miwani.

"Nenda nyumbani. Sasa hivi."

Nilimkuta shangazi uani akitwanga magome. Nikaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, nikasema yote bila kuremba. Mchi ukasimama.

"Hiyo spiriti ni kama ya kupaka kidonda?"

"Ndiyo, Anti."

"Na gome?"

"Hatujui. Linaweza kuwa halifanyi kitu kabisa."

Akakung'uta unga wa gome mikononi. "Wewe huogopa mpaka paka," akasema. "Siku moja tu ukakosa kuogopa, ukanichagulia mimi." Akaingia ndani, akaacha kinu pale. Jumamosi na Jumapili hakutaja hospitali, nami sikuthubutu kuuliza.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa kichwani, kadi ya hospitali mkononi.

"Vaa viatu. Leo hiyo kutapika utaishikia karai wewe."

Kwenye benchi la kungojea, mama aliyeketi karibu naye akamuuliza mimi ni nani.

"Mtoto wa kaka yangu," shangazi akasema. "Anatafuta dawa ya hii kitu yetu."

"Ai! Amepata?"

Shangazi akanigeukia, akaningoja nijibu mwenyewe.

"Bado, Mama," nikasema.

"Umesikia," shangazi akamwambia yule mama, akainuka; jina lake lilikuwa limeitwa.