Barua za Mama kwenye Kasha la Ami

Siku ya tatu ya msiba wa mama, nyumbani kwetu Ibra, ami yangu, mdogo wake baba, alilibeba sanduku la barua za mama akalitia garini. "Amana ya ukoo hii," alisema. Nyumba imejaa wageni. Moyoni nikamwambia: haya, tutaonana.

Barua zile mama alimwandikia dada yake aliyeolewa Sur. Khaloo, huyo dada yake, alipofariki, wanawe walizirudisha kwa mama. Mama alikulia Unguja, akiandika kama walivyofunzwa: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Juu kabisa huja Bismillahi, salamu na dua kwa Kiarabu kizito, ndipo maneno yenyewe yanapoanza. Ami hakupata kukaa Unguja. Kiswahili hajui, na maisha yake yote katucheka nacho.

Siku moja naletewa picha kwenye simu. Ami kavaa bushti, joho lake la heshima, yuko chuo kikuu kimoja Nizwa, anakabidhi barua za "wazee wake maulamaa". Kasha limeandikwa jina lake! Bwana mkubwa kasoma salamu za juu, kaona Kiarabu fasihi, kaikunja barua. Huko chini hakufika.

Haukupita muda, watu wa maktaba ya chuo wakanipigia. Herufi wanazisoma, maneno hawayafahamu; wameambiwa mie Kiswahili nakijua, nije niwasaidie? Nikasema nitakuja, na ami nitamleta mwenyewe.

Nikamchukua garini mwangu. Mpaka Bidbid, na kutoka Bidbid mpaka Nizwa, ananisimulia elimu ya babu yake. Mie "naam, ami" tu. Hata chai ya karak nilimnunulia.

Tulipokaa na wafanyakazi wa maktaba, nikawa nasoma Kiswahili kisha nawapa kwa Kiarabu, sauti juu. "Shemegi kaja leo. Kasema chakula chetu kinanuka nazi, kisha kakomba sufuria." Watu wakacheka. Na ami naye akacheka, maskini, hajajitambua.

Nikafungua ya pili. Humu mama kamtaja kwa jina lake na la baba yake: "Eda sijaimaliza, ananitaka nihame nyumba ya mume wangu. Mwanangu analala kavaa viatu, anaogopa tutatolewa usiku."

Mwana huyo ni mimi. Niliisoma mpaka mwisho, na Kiarabu chake nikakirudia mara mbili.

"Bas, ya bint akhuy," ami alisema: yatosha, binti wa kaka yangu.

"Bado, ami. Kasha zima hilo."

Jasho linamtoka, akawageukia wale vijana, akawaomba walitoe jina lake kwenye kasha, leo hii. Wakaniuliza waandike nani. Nikawatajia mama, baba yake na babu yake, pole pole, wasikosee.

"Na hilo la ami la nje lifuteni," niliwaambia. "La ndani, alilolitia mama kwa mkono wake, msiliguse."