Karavani Lililonukia Udi

Ukuta wa chumba cha mama niliukasirikia miaka mitatu kabla sijawaza kununua karavani, kile kinyumba cha magurudumu kinachovutwa na gari. Fleti yetu ilikuwa Walthamstow, ghorofa ya nane, na ukuta ule ulikuwa ukitoka jasho kutwa. Nyuma ya kabati uliota ukungu mweusi. Niliusugua kwa dawa kali mpaka vidole vikachubuka, na baada ya wiki mbili ukarudi pale pale kama ndio unaolipa kodi. Mama alihamia kwangu baada ya baba kufariki. Wao wawili walitoka Unguja baada ya Mapinduzi, wakahangaika nchi mbili tatu kabla ya kufika Uingereza, na katika mahangaiko yote hayo kifua chake hakikuwahi kumsumbua. Kilikuja kumsumbua kwangu.

Nililalamika kaunsili, halmashauri iliyotupangisha fleti, mpaka wakaniletea mtu wa kukagua. Tulipopata barua ya siku atakayokuja, tulifanya kama afanyavyo mtu yeyote anayetarajia mgeni. Nilisugua ukuta, nikafua mapazia, nikakaanga visheti. Mama akatia mkaa kwenye chetezo na kufukiza udi chumba hadi chumba, huku akikohoa, na nilipomgombeza akasema udi haujamuua mtu. Yule bwana akanywa vikombe viwili vya chai, akausifu sana ule udi, akautupia ukuta jicho moja na kuandika kwamba ni mvuke tu wa kupika kwetu, tufungue madirisha. Nikamwonesha dirisha la chumba cha mama, lililokazwa kwa parafujo na mafundi wao wenyewe. Akasema atalifikisha neno hilo ofisini. Mama akamsindikiza hadi kwenye lifti na kumfungia visheti ampelekee mkewe.

Majira ya baridi yale mama alilazwa mara mbili. Daktari akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekuagiza mkate, kwamba kiangazi kikifika nimtoe, nimpeleke mahali pakavu penye hewa, akae huko miezi yote ya joto, kwani baridi nyingine ya namna ile kifua chake hakitaistahimili. Nimpeleke wapi? Jamaa zetu wote walikuwa kwenye fleti kama yangu, na mshahara wangu wa kuhudumia wazee kwenye makao yao haulipii hoteli. Nilitoka kwa daktari nikiwa nimefura, nikalipiga teke pipa la taka la hospitali. Sijutii.

Mwanamke mmoja Mzungu niliyekuwa nafanya naye kazi ndiye aliyenipa njia. Yeye kila kiangazi alikaa kwenye karavani, shambani kwa mtu, upande wa Essex, na mwenye shamba hakutoza sana. Akaniambia nitafute dogo, jepesi, lililotumika, na akanifundisha namna ya kulichagua. Kwanza uzito. Kitabu cha gari lako kinasema linaweza kuvuta kiasi gani, na karavani lina kibati karibu na mlango kinachosema lina uzito gani likiwa tupu na likiwa limepakiwa. Amini kibati, usiamini mdomo wa muuzaji. Kisha inama utazame chini kama vyuma vimeliwa na kutu. Kanyaga sakafu karibu na mlango. Fungua kila kabati utie pua. Na mwisho, kubwa kuliko yote, bonyeza kuta kwa dole gumba, kwenye pembe na chini ya madirisha. Ukuta ukibonyea, mbao zake zimeoza kwa maji. Ondoka, hata wakikupa bure.

Gari langu lilikuwa dogo na akiba yangu ndogo zaidi, kwa hiyo nilijua ninachotaka. Wauzaji hawakujua. Nikiuliza uzito, wanatazama nyuma ya bega langu kuona kama kuna mwanamume wa kumjibu. Mmoja alinieleza kwa dakika kumi mahali pa kuweka televisheni. Mwingine aliapa kwamba lake ni jepesi kama unyoya, nikamsomea kibati chake mwenyewe, akasema vibati vya zamani si vya kutegemea. Sakafu ya la nne ilinesa kama godoro. La sita lilikuwa zuri, kavu, jepesi, ila bei yake ilikuwa ya watu wengine. Nilibonyeza kuta za makaravani saba, na yote saba niliyakataa.

Mama alikuwa akinisubiri garini, dirisha wazi, anakohoa.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "unachagua karavani au unachagua mume?"

"Mume nilimchagua upesi, mama, na uliyoyaona uliyaona."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba, nikalazimika kusimamisha gari kando ya njia.

Julai ikaingia. Kiangazi cha nchi hii hakimsubiri mtu, na mimi nilikuwa sijapata kitu. Ndipo kwenye arusi moja nikasikia kwamba Woolwich kuna Mpemba, fundi wa magari, anauza karavani dogo kwa bei ya kibinadamu. Jumamosi iliyofuata tukavuka mto kwa kivuko.

Alitupokea mlangoni mwa uwanja wa gereji yake, mtu wa makamo, kofia kichwani. "Shikamoo, mama," akasema, na akaubusu mkono wa mama. Kabla hatujalitazama karavani alikuwa keshatandika mkeka pembeni yake, ametoa halua, ametoa chupa ya kahawa. Akauliza sisi watu wa wapi, na haikupita muda ikabainika kwamba mama yake alizaliwa Unguja, mtaa wa pili na wetu. Basi tena. Wakataja nyumba moja moja, nani alikaa wapi, nani aliondoka lini na kwa njia gani. Sikuwa nimemsikia mama akizungumza vile tangu baba afariki.

Nikainuka kwenda kulikagua. Kibati kilisema uzito ambao gari langu lingeuvuta bila kulalamika. Magurudumu yalikuwa mazuri, vyuma vya chini vimepakwa rangi karibuni. Nikafungua mlango, na harufu ya udi ikanipokea. Udi wenyewe hasa, si ubani. Mama akaja nyuma yangu, akakaa kwenye kiti kirefu cha dirishani, akafumba macho.

"Hili hili," akasema.

Nikaweka dole gumba ukutani, chini ya dirisha. Niligeuza shingo. Yule bwana alikuwa amesimama mlangoni na kikombe changu cha kahawa mkononi, ananingojea, anatabasamu. Halua yake ilikuwa bado kwenye meno yangu. Yeye mama yangu amemwita mama. Nitaanzaje kumbonyezea kuta zake, mbele ya macho yake, kama ninayemwambia mwizi wewe? Kwa Wazungu saba nilibonyeza bila kupepesa. Pale nikaona haya. Dole likateleza hadi kwenye pazia, nikalinyoosha kama vile ndilo nililokuja kulinyoosha, nikapokea kahawa yangu.

Nimeuziwa vitu vibovu mara nyingi katika maisha yangu, lakini siku ile niliuziwa mbuzi kwenye gunia na gunia nikalifunga mwenyewe.

Shambani Essex tulikaa vizuri majuma mawili. Mama alitoka asubuhi na kiti chake, akakaa mbele ya mlango, nyasi miguuni, akichambua mchele na kuwasema ng'ombe wa jirani. Nilikuwa nikienda kazini na kurudi. Udi ukawa unapungua siku hata siku, na chini yake kukawa na harufu nyingine ambayo sikutaka kuijua. Kisha ikanyesha mvua ya siku mbili. Jumapili jua likatoka, nikainua mto wa kile kiti cha dirishani niuanike, na nyuma yake nikakuta weusi. Nikabonyeza. Dole likazama mpaka pingili ya kwanza.

Nilikaa chini. Uvundo ule niliujua. Ulikuwa uvundo wa chumba cha mama, wa ukuta ule ule nilioukimbia. Nilikuwa nimejinunulia ukuta wa Walthamstow wenye magurudumu, na kwa jasho langu nikauvuta hadi Essex.

Nilifunga vyombo, nikalitia karavani kwenye ndoano ya gari, nikafungua mlango wa abiria.

"Tunakwenda wapi?" akauliza.

"Woolwich."

Akanitazama usoni, akaingia garini.

Tulimkuta yupo uwanjani, anapanga spana zake. Akafungua mikono. "Karibuni, karibuni, dada. Chai au kahawa?"

"Sitaki chai yako. Njoo uone ulichoniuzia." Nikamvuta kwa mkono wa shati mpaka ndani, mimi ambaye majuma mawili nyuma niliona haya kuugusa ukuta wake. Nikatia dole kwenye tundu. "Umemfukizia udi mgonjwa wa kifua alale kwenye uvundo. Mtu wa mtaa wa pili na mama yako! Mzungu angenidanganya ningesema Mzungu. Wewe ni kikulacho!"

"Dada, nilifukiza kwa heshima. Mlikuwa wageni wangu. Mgeni hafukiziwi?"

"Heshima?"

"Tena ulitazama. Nilikuacha utazame kila kitu." Sauti yake nayo ikapanda. "Wazungu wanne walikuja kabla yako. Wote walibonyeza hapo, wakaenda zao, sikuwakataza. Wewe hukubonyeza. Kwa nini hukubonyeza?"

"Kwa sababu nilikula halua yako!" Nilipiga kelele mpaka fundi wa jirani akazima mashine yake.

"Basi," mama akasema. Alikuwa ameketi kwenye kidato cha mlango, mgongo kwetu. "Msinitie aibu. Mie nilijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Nilijua tangu tulipoingia. Mtu mwenye nyumba kavu hafukizi udi wote ule. Kwako nafukiza kila Ijumaa, wee ulidhani kwa nini? Ili watu wakija wasinuse."

"Na ukasema hili hili?"

"Lilikuwa na mlango unaofunguka. Wee ulitaka karavani lisilo kosa, nami nilitaka pa kukaa nje kabla kiangazi hakijesha. Saba umeyakataa, nami nipo garini tu. Wiki mbili hizi umenisikia nikikohoa?"

Kweli nilikuwa sijamsikia. Dawa yake ya kifua, ya kuvuta kwa mdomo, ilikuwa kwenye mkoba wangu, na sikumbuki mara ya mwisho aliponidai.

Hasira haikuondoka. Watu husema hasira hasara, lakini ile ilinifanyia kazi. Nilimwambia yule bwana kwamba pesa zangu najua hazirudi, ila hatutoki uwanjani mwake mpaka ukuta ule uwe mkavu. Akang'oa mbao zote zilizooza upande ule, akaziba dirisha lililokuwa likivujisha, akapigilia plaiwudi mpya. Ilimchukua mpaka alasiri, na kila alipomaliza kipande nilikipitia kwa dole gumba, shubiri kwa shubiri, mbele ya macho yake. Alileta halua. Mama alikula. Mimi sikugusa.

Kwenye kivuko cha kurudi, karavani letu likiwa na upande mmoja mbichi usio na rangi, nilikuwa nikimlaani moyoni yule Mpemba na udi wake. Amefukiza, ameficha, amekaribisha kwa kahawa, na mgeni akaona haya kumwambia ukweli. Nikarudia maneno hayo mara ya pili, na mara ya pili nikayasikia. Nilimwona yule bwana wa kaunsili na vikombe vyake viwili vya chai. Nilijiona nikiwa na sponji mkononi, nausugua ukungu ili mgeni asiuone, mgeni aliyekuja mahsusi kuuona. Joto lilinipanda mpaka masikioni. Mama akaniuliza kama naumwa.

Tulikaa shambani hadi mwisho wa Septemba, mwenye shamba alipofunga. Lakini jioni ile ile ya Woolwich niliandika barua kaunsili, nikaandika nyingine, nikawapigia simu kila mapumziko ya chakula kazini mpaka wakalijua jina langu kwa kuchoka nalo. Wakakubali kumleta mtu Oktoba, juma moja baada ya sisi kurudi.

Safari hii ukuta sikuugusa. Kabati nililivuta katikati ya chumba, ukungu ukabaki wazi, umefika usawa wa bega langu. Chetezo nilikificha chini ya sinki. Mama alizunguka nyumba akikitafuta, anasononeka kwamba mtu anakuja na nyumba inanuka.

"Iache inuke, mama," nikamwambia.

Akaja yule yule bwana wa vikombe viwili vya chai. Akaingia, akasita, akapeleka mkono puani. Akaanza kusema habari ya mvuke na kupika. Nilimshika kiganja, kwa adabu, nikalipeleka dole gumba lake ukutani, juu kidogo ya kitanda cha mama.

"Bonyeza," nikamwambia kwa Kiingereza.

Akabonyeza. Lipu ikaingia ndani, na kipande cha ukubwa wa sahani kikaanguka juu ya shuka. Akatoa karatasi zake akaanza kuandika, akaandika ukurasa wa kwanza, akaufunua wa pili. Mama akanivuta pembeni, uso umemshuka kwa aibu, akaninong'oneza mbona mgeni hajapewa hata chai.

"Atapewa," nikasema, "akimaliza kuandika."