Kabichi za Wifi na Begi Langu

Magunia matatu ya kabichi yaliposhushwa kwenye bajaji mlangoni kwetu Makanyagio, nilijua yananihusu mimi. Ushahidi sikuwa nao. Lakini mtu aliyemaliza chuo, hana kazi na anakaa kwa kaka yake, hujifunza kuchunguza kila kinachoingia ndani ya nyumba.

Kabichi zilitoka Kasekese kwa wazazi wa wifi, mke wa kaka. Wao ni Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao, na bondeni wana bustani. Wifi alizipanga jikoni hadi usawa wa dirisha, kisha akanipa kisu.

"Msomi, leo unapika wewe. Kaka yako akilalamika, tutamlaumu mkuu wa chuo."

Hapo nikaanza kushuku. Tangu nifike, wifi alikuwa hajaniachia jiko hata mara moja. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo na kuchota maji. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi nilipewa kisu, nikaamua kwamba huo ulikuwa ujanja: nilishwe kabichi mpaka nichoke, nijiondokee mwenyewe.

Na kweli tulizila. Alinifundisha kuikata nyembamba kama nyuzi, kisha kuikaanga na kitunguu na karoti kwenye moto mkali bila kufunika, isije ikatoa maji. Kesho yake tukapika chukuchuku, chumvi tu. Halafu na dagaa. Yale majani magumu ya nje niliyotaka kuwatupia mbuzi wa mtaani aliyachukua mkononi mwangu, akayachemsha na kuyaunga kwa karanga. Kigutu cha katikati alikimenya, akakipaka chumvi, na watoto wake wawili wakakigombania. Muda wote alisimama nyuma yangu. Anaonja, anarudisha kijiko.

"Wifi, nimekosea?"

"Nimesema umekosea?"

"Hujasema."

"Basi."

Hiyo "basi" niliitafuna kuliko ugali wenyewe.

Likaja suala la kukausha. Kwao hukausha majani ya kunde, lakini kabichi, alisema, ina maji mengi. Ukiianika hivihivi inaoza. Tuliichovya kwenye maji ya moto yenye chumvi, tukaikamua, tukaitandaza kwenye mkeka kivulini. Alileta chandarua cha zamani cha kufunikia nzi wasitue. Nikakataa, nikasema vyandarua vina dawa ya mbu.

"Unafikiri nataka kukuua?"

Nilikitazama tena kile chandarua. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuleta kanga.

Jumamosi moja nilitoka kwenda kuchapisha barua ya kuomba kazi. Niliporudi nilikuta begi langu, lile nililoenda nalo chuo, limefuliwa na linaning'inia kambani. Nguo zangu zilikuwa zimekunjwa vizuri kitandani. Nyumbani kwa wazazi, huko Mpimbwe, nilikuwa nimeaga kwa mbwembwe kwamba sitarudi bila kazi. Zaidi ya chumba hiki, sikuwa na pa kwenda.

Wifi alikuwa uani anageuza kabichi.

"Wifi, naondoka lini?"

"Uende wapi?"

"Begi limefuliwa."

"Nimeliazima. Nimekuita, kumbe ulishatoka. Ulitaka kabichi kavu niibebe mkononi?" Aliacha kugeuza, akanitazama. "Ninayeondoka ni mimi. Mvua zinakaribia, mama mgongo unamsumbua, naenda kumsaidia kulima. Shambani kwetu mvua zikianza, bustani ya bondeni inazama na soko husogelei. Utakula ulichokausha."

"Na mimi?"

"Unabaki na kaka yako na watoto. Au ulidhani nakufundisha kupika ili uolewe?"

Nilitaka kucheka, lakini yeye alikuwa hacheki. Alitazama ukuta wa jirani, akashusha sauti.

"Msimu uliopita niliondoka hivihivi. Huyo wa hapo akasema baba wa watu atakula nini, akawa analeta bakuli. Niliporudi nilikuta sufuria zangu zimepangwa upya. Nikamuuliza kaka yako, anasema hajui sufuria hupangwaje." Akachukua kipande cha kabichi, akakivunja kusikia kama kimekauka. "Mimi sijasema kitu. Nasema tu, katika nyumba hii mboga isikosekane."

Alisafiri na begi langu likiwa limejaa, jepesi kama mto wa kulalia. Nilibaki na chumba changu, watoto, kabichi zilizosalia na jambo la kufikiria kuhusu kaka yangu mwenyewe, ambalo sikuwa nimeliomba.

Haikupita wiki, jirani akabisha jioni akiwa na bakuli lililofunikwa sahani. Harufu ya nyama iliingia kabla yake.

"Nimeona niwasaidie, baba wa watu asilale na njaa."

"Asante dada. Tumeshapika."

"Mmepika nini?"

"Kabichi."

"Tena? Na jana si kabichi?"

"Jana ilikuwa chukuchuku. Leo ya karanga."

Alichungulia jikoni kupitia bega langu. Nikasogea nikaziba mlango. Sufuria zilikuwa pale wifi alipoziacha, kubwa chini, ndogo juu. Nilikuwa nazikagua kila asubuhi.

"Nani huyo?" kaka aliuliza kutoka ndani, na nikasikia kiti kikisukumwa upesi, upesi kuliko ninavyomjua.

"Jirani," nilisema, bila kutoka mlangoni. "Anaondoka. Kaa ule, kaka, ugali unapoa."