Mawe Niliyomrushia Shangazi Zawadi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimejenga nyumba tatu Uvira kwa darasa la nne tu, nimepita vita vyote na bado nanenepa. Lakini harufu ya maziwa yaliyoganda ikinipata sokoni, narudi kijijini kwetu Nyakabere, mwaka ule wa vita tulipokuwa tukilala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Dada yangu Furaha, mwenye miaka tisa, mtoto mpole kupita wote, alianza kuangusha vikombe. Mikono yake ilicheza bila ngoma. Alilia, akacheka, akanawa hadi ngozi ikachubuka, akasema ukuta unamsengenya. Siku chache kabla, Shangazi Zawadi, dada wa baba, alikuwa amempa kibuyu cha maziwa. Basi, kwetu hesabu ilikuwa fupi: sumu! Mama alimnywesha Furaha dawa ya kutapisha siku tatu, akabaki mifupa. Mimi, mwenye miaka kumi na miwili, nikawaongoza wenzangu kumrushia Shangazi mawe, hadi akahamia Runingu na jeraha shavuni. Nikajiona mwanaume.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Muuguzi mmoja aliyekimbia risasi kutoka Lemera aliomba malazi kwetu. Alimtazama Furaha akila, kijiko kikimruka mkononi.

"Mama, huyu mutoto aliugua koo?"

"Koo? Zamani, mbele ya mavuno. Lilipona lenyewe."

"Mambo haikuisha, mama. Askari wa mwili walikuja kupiga ugonjwa wa koo. Sasa wanapiga mwenye nyumba, mpaka mu kichwa."

Hapo tulielewa sote bila shule. Askari wa aina hiyo tuliwajua.

Nani alimpeleka Furaha Uvira kuchomwa kila mwezi sindano aliyoagiza muuguzi, ya kuzuia ugonjwa wa koo usirudi? Mimi! Kwa baiskeli isiyo na breki, nikipita vizuizi vya wenye bunduki kwa maneno matamu. Mikono ikatulia, ukuta ukanyamaza. Leo anashona nguo za maharusi, na uzi anautia sindanoni mara moja. Leo mwanangu akiumwa koo, jua halitui kabla hajaonwa na daktari. Zamani tulianza kwa kutafuta mchawi.

Shangazi nilimkwepa miaka ishirini. Mwisho nikaenda Runingu na mbuzi jike na madumu mawili ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Aligusa kovu lake. "Ni weye ule wa mawe? Umenona. Mbuzi ndiye amekonda." Tukacheka hadi machozi. Mimi ninayebishania hata bei ya chumvi, siku ile nililipa kimya: mbuzi, pombe na nauli, dola sabini na tatu.