Kijani Kilichotoroka

Zipora alipoolewa Haneti akitokea Ihumwa, enzi za Mjerumani, reli ikiwa bado haijafika Dodoma, kitu cha kwanza kumchekesha ukweni kilikuwa mawe. Watu wazima na akili zao, kazi za shamba zikipungua, walipanda kilimani kuokota mawe ya kijani kibichi kama majani ya kunde, kisha wakaketi uani kuyasugua mpaka vidole vinachubuka. Hawakuyauza, wala hawakuyafanyia tambiko. Waliyapenda tu. Mumewe, Yoramu, alimweleza kuwa kila mtu wa nyumba ile alikuwa na jiwe alilolichonga mwenyewe, na yote yalitungwa kwenye ugwe mmoja uliofungwa ndani, kwenye nguzo ya kati. Ukishatunga lako, basi umekuwa mtu wa nyumba.

Zipora alicheka mpaka akachoka. Kisha siku moja akaokota jiwe moja, akalilowesha mate, akalielekeza kwenye jua, akaona mwanga wa kijani ukipita ndani yake. Tangu hapo ugonjwa wa mawe ulimpanda kichwani kuliko wenyeji wake. Alfajiri umande ukiwa bado majanini, yeye alikwisha kufika kilimani.

Kuokota alijua, na kusugua kwa mchanga wenye maji alijua. Kutoboa ndiko kulikomtoa jasho. Walitoboa kwa keekee, kijiti chenye ncha ya chuma kinachozungushwa kwa upinde, na kila jiwe la Zipora lilipasuka tundu likikaribia kutokea upande wa pili. Mama mkwe wake, Lydia, aliyebatizwa uzeeni na kuitikia jina hilo anapopenda, hakumwonea huruma.

"Mkamwana, mkono wako ni wa kutwanga," alimwambia. "Jiwe hulitwangi."

Wengine walicheka. Zipora naye alicheka, lakini lilimchoma. Miaka ilikuwa inapita na ugweni hakuwamo.

Mvua zilipokatika akapata jiwe zuri kuliko yote, dogo kama punje ya kunde, na safari hii akatumia akili. Akatoboa mpaka nusu, akaligeuza, akaanza upya upande wa pili. Ghafla ncha ikapenya. Alipochungulia tunduni akaliona jicho la Yoramu likimchungulia kutoka upande wa pili, na wote wawili wakaangua kicheko kama wehu.

Kutunga kulifanywa na Lydia, siku ya kuonja mavuno mapya. Kabla ya hapo jiwe hupakwa mafuta ya nyonyo na kuachwa likauke. Wenyeji walikausha ndani, kwa mazoea tu. Lakini siku ile ile ncha ilipopenya ikaja habari kuwa mama yake Zipora anaumwa, naye kwa haraka akalipaka mafuta, akalianika juu ya paa la tembe pamoja na mbegu za maboga, akaondoka.

Ihumwa watu hawakuwa na jambo jingine ila reli, vibarua walivyokuwa wakiikata ardhi mchana kutwa. Wao wakimsimulia reli, yeye aliwasimulia tundu. Mama yake alipopata nafuu, Zipora alirudi Haneti karibu mbio, akapanda paani hata mzigo hajautua.

Jiwe lilikuwa limepauka kama uji. Tundu lilikuwapo, kijani hakikuwapo.

Lydia aliligeuzageuza kiganjani. "Limekufa," akasema. "Ugweni hatutungi maiti."

Zipora alishikwa na hasira na aibu. Akalichukua, akalizika katika mchanga uliolowa chini ya mtungi wa maji, asilione tena. Kilimani hakurudi.

Mavuno yakaingia. Asubuhi ya siku ya kutunga, Zipora aliuinua mtungi ili ausugue, na kule chini kitu kikamwangalia. Alikichomoa mchangani, akakifuta kwa kanga. Kilikuwa kijani, kibichi, kama siku ya kwanza. Akamwita Yoramu. Yoramu akaita nyumba nzima.

"Jua lililifukuza," Zipora alisema, maneno yakigongana mdomoni. "Unyevu ukaliita. Halikufa, mama, lilikuwa na kiu."

Lydia alilitazama mpaka watu wakaanza kunong'ona. Kisha akaingia ndani, akalitunga ugweni kwa mkono wake, mbele ya wote. Zipora alilia bila kujificha. Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa anafungua fundo lililokuwa kiunoni mwake siku zote, fundo ambalo hata Yoramu hakupata kuona lina nini. Ndani yake mlikuwa na jiwe jeupe, lenye tundu.

"Baba yake Yoramu alinichongea kabla hajanioa," alisema. "Nililivaa shingoni juani, shamba hadi shamba. Alipofariki nikaliangalia, nikaona limepauka. Nikajua limemfuata."

Akaliweka kiganjani mwa Zipora na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Litachukua siku ngapi, mwanangu?"

"Sijui, mama. Tungoje tu."

Zipora akalizika mchangani, akaurudisha mtungi juu yake na kuujaza maji. Lydia akavuta kigoda, akaketi kando yake.